Herufi Kumi na Tano

Maskati, nyuma ya ngome, mlingoti wa chuma,
futi mia na ishirini, kamba nne za waya zimeushika
usije ukatoroka na jua.
Mimi Feruzi bin Songoro, mtu wa injini,
rupia ishirini na mbili kwa mwezi, mchele mbali.
Kazi yangu mafuta ya taa, maji ya betri,
na kufukuza mbuzi wasitafune nyaya za ardhini.

Tuliomba tangi la maji.
Bushehri wakauliza: la kituo au la ubalozi?
Bombei wakajibu: mlingoti wetu, kiwanja si chetu.
Londoni wakataka kujua kiu yetu ni galoni ngapi.
Miezi kumi na moja ya barua, kwa meli, kwa lakiri nyekundu,
nasi tunazungumza na Karachi
kabla hujameza mate.
Tangi halijafika. Faili limenenepa.

Rebelo, karani wa Goa, ndiye aliyenisomea bei:
neno moja rupia moja na anna nne,
jina linahesabiwa, mji unahesabiwa,
na neno lisivuke herufi kumi na tano.
Likivuka, ni mawili.

Bwana Whitlock alimpelekea mkewe salamu
kwamba hajamsahau. Kwa lugha yao, maneno matano.
Rupia sita na anna nne, mbali na anwani.
Mimi nikaandika la mama yangu, Bi Mize, Wete:
SIJAKUSAHAU.
Rebelo akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na moja.
Akacheka hata miwani ikamteleza.
"Feruzi, lugha yenu ya wabahili!"
Si ubahili, nikamwambia, ni ubeleko:
mtoto na njia nzima ya kurudi
mgongoni kwa kitenzi kimoja.

Whitlock akaishika karatasi, akaigeuza.
Neno moja tu? Fumbo hili. Nani anamwambia nani nini?
Akaandika juu: je, Kiswahili ni lugha,
kwa mujibu wa kanuni ya nane?
Na rupia zangu tano zimo sandukuni,
na neno langu chini ya jiwe la kubania karatasi
wiki saba.

Usiku mmoja Whitlock ana homa, anga tupu,
Rebelo akanitazama, akavuta kiti.
Nikawasha injini bila kuulizwa.
Sijapata kusikia jina la mama yangu
likisemwa kwa chuma. Fupi, fupi, ndefu.
Nilishika mlango.

Siku mbili, jibu la kaka:
TUMEKWISHAKUZIKIA.
Rebelo alihesabu kwanza, kwa mazoea. Kumi na saba.
Kisha akaona uso wangu, akauliza maana yake.
Ingenigharimu maneno mengi. Nikanyamaza.
Alizima taa ya meza, akaacha ile ya mashine.

Mwezi wa tatu wakaguzi wa Karachi waliamka:
neno limevuka, limetozwa kama moja,
pengo rupia moja na anna nne.
La Unguja au la Ghuba? Barua sita.
Hapo kila mtu alijibu upesi.
Ikaamuliwa: alipe aliyelipokea.

Bwana Whitlock alinisomea pole pole, kichwa chini.
Nadhani aliona haya. Alinipa sigara.
Nikatia sahihi kwa herufi za Kiarabu,
ambazo hakuna aliyezihesabu.

Nje, Rebelo akaniambia kwamba TUMEKUZIKIA ingetosha.
Kumi na moja, sawasawa na langu.
Basi nililokatwa ni lile *kwisha* la katikati,
na yale mengine yote
nilipewa bure.

Ruhusa ya Kiswahili ilikuja mwezi wa tisa,
ndani ya bahasha moja na swali
kuhusu tangi: la mviringo, au la pembe nne?